Kutoka Sifuri Hadi Kavumu: Mabingwa wa Mionzi ya Picha na Tiba

Mionzi inayotibu saratani hupimwa kwa grei. Mionzi ya picha zinazoiongoza hupimwa kwa miligrei, yaani grei moja ikigawanywa mara elfu. Tuwashindanishe wote kwenye barabara moja. Miligrei moja tuihesabu mita moja, mbio zianzie Place de l'Indépendance hapa Bukavu, zielekee uwanja wa ndege wa Kavumu, kilomita kama 30. Nani ataishia mwanzoni, nani atavuka Mudaka na Miti njiani?

1. Kongwe kuliko zote: mkono wa Bi. Röntgen, 1895

Tarehe 22 Desemba 1895, huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen aliuweka mkono wa mkewe, Anna Bertha, mbele ya miale aliyokuwa ameigundua wiki sita tu kabla. Mkono ukatulia dakika zipatazo 15, na mifupa ikatokea pamoja na pete kidoleni. Leo radio ya kifua inapigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Miaka 130 imetosha kuishusha robo saa hadi chini ya kupepesa jicho.

2. Udongo tajiri kuliko wote: Shinkolobwe, Katanga

Hapa Kongo haina mpinzani! Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, uligunduliwa mwaka 1915. Mawe yake yaliyopelekwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yalikuwa na oksidi ya urani kwa wastani wa asilimia 65, wakati migodi mingi duniani hufurahia hata chini ya asilimia 1. Kabla ya vita, mawe hayohayo yalikamuliwa radi (radium), dawa ya mionzi ya saratani ya zama zile. Gramu moja ya radi huandamana na tani 3 hivi za urani: mzigo wa Fuso kwa punje inayokaa kwenye ncha ya kijiko. Mwaka 1921 gramu moja iliuzwa dola 100,000, na wanawake wa Marekani walichanga kiasi hicho kumnunulia Marie Curie. Mwaka uliofuata Ubelgiji ilianza kutoa radi ya mawe ya Katanga, bei ikashuka, na wachimbaji wa Marekani wakafunga migodi yao.

3. Picha nyepesi kuliko zote: mita sifuri

Nafasi ya kwanza kwa wepesi wanagawana watatu. Eko hutumia sauti. Mashine ya sumaku, ile MRI, hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Kamera za ngozi hutumia mwanga wa kawaida: zinasoma umbo la kifua cha mgonjwa na kuonyesha kama amesogea hata kwa milimita chache. Hakuna hata mmoja anayetoka mstari wa kuanzia. Mwaka 2017, Utrecht, Uholanzi, mgonjwa alitibiwa ndani ya mashine inayounganisha tiba ya mionzi na sumaku yenye nguvu ya picha za hospitali, akipigwa picha bila miligrei hata moja.

4. Inayojulikana kuliko zote: radio ya kifua

Kwenye ngozi huacha sehemu moja hadi mbili za kumi za miligrei. Barabarani ni sentimita 10 hadi 20: hujaumaliza hata urefu wa kiatu chako. Katika chumba cha tiba kuna ndugu yake, jozi ya radio ya mbele na ya ubavuni inayopigwa ili kuona kama mifupa iko mahali pake. Jozi hiyo hufika mita moja au chache tu.

5. Mchapakazi kuliko wote: skana ya kila asubuhi

Huyu ndiye mfalme wa kuongoza tiba. Mgonjwa analala kwenye kitanda kigumu, vidoa vya wino mwilini vikilingana na mistari ya leza kutoka ukutani. Wahudumu wanatoka na mlango mzito unafungwa. Mkono wa mashine unamzunguka mara moja, kama dakika nzima, ukikusanya mamia ya picha, na kompyuta inazifanya umbo kamili la ndani. Umbo la leo linawekwa juu ya lile la siku ya mpango. Kibofu kimejaa kuliko juzi? Nyonga imeteleza milimita 6? Kitanda kinasogezwa kutoka chumba cha pili, ndipo tiba inaanza.

Bei yake? Kichwa, mita chache. Nyonga, mara nyingi kati ya mita 15 na 35, na mtu mnene hudai zaidi. Tuchukue 20: kwa siku 30 za tiba inakuwa mita 600. Hata kilomita moja haijatimia!

6. Mwepesi wa mbio kuliko wote: elektroni

Ndani ya mashine ya tiba, elektroni husukumwa hadi zaidi ya asilimia 99 ya kasi ya mwanga, ambayo ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kwenda Kavumu na kurudi huchukua sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde. Skana nayo inakimbia: mashine mpya za umbo la pete humaliza mzunguko wa picha chini ya sekunde 20, muda ambao mgonjwa wa mapafu anaweza kubana pumzi.

7. Picha nzito kuliko zote

Wawili wanagombea taji. Wa kwanza ni skana ya kupanga tiba ya mapafu, inayofuatilia uvimbe unavyopanda na kushuka na pumzi. Dozi yake ni mara kadhaa ya skana ya kawaida, na mita 50 si ajabu, ila kwa kawaida hupigwa mara moja tu, kabla ya tiba. Wa pili ni picha ya zamani inayopigwa kwa miale ya tiba yenyewe. Picha moja inaweza kula mita 20 hadi 30, na mifupa huonekana hafifu kwa sababu miale hiyo mikali hupenya mfupa na nyama karibu sawasawa. Jozi kila siku kwa siku 30 inakaribia kilomita 2. Taji ni lake: ghali kuliko wote, na haoni vizuri!

8. Jitu lenyewe: dozi ya tiba

Sasa barabara inatumika. Siku moja ya kawaida ya tiba ni grei 2, yaani kilomita 2. Grei 60 kwa siku 30 ni kwenda Kavumu na kurudi. Saratani ya shingo ya kizazi inapita hapo: miale ya nje grei 45 kwa siku 25, kisha chanzo cha mionzi kinaingizwa ndani, na jumla kwenye uvimbe hupita 80. Mwili mzima ukipigwa grei 4 au 5 kwa mkupuo, nusu ya watu hufa wasipotibiwa. Tiba inaweza kwenda mbali hivyo kwa sababu inapiga sehemu ndogo, kidogokidogo, na kwa shabaha. Shabaha hiyo ndiyo kazi ya picha.

9. Safari ndefu kuliko zote: ya mgonjwa

Kwa mtu wa Bukavu, mashine ya karibu iko Kigali, katika Hospitali ya Jeshi ya Rwanda, Kanombe, inayotoa tiba ya mionzi tangu 2019. Ni kuvuka Ruzizi, kukata msitu wa Nyungwe, zaidi ya kilomita 200, kisha kukaa huko wiki tano au sita kwa sababu tiba ni siku tano kwa wiki. Nchi ya Shinkolobwe, iliyokuwa na kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kilichowashwa Kinshasa mwaka 1959, inastahili mashine kwenye ufuo huu wa Kivu.

10. Mstari wa mwamuzi: asilimia 5

Mwaka 2018 chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kilichora mstari: dozi ya picha ikizidi asilimia 5 ya dozi ya tiba, iingizwe kwenye hesabu ya mpango. Kwa safari ya kilomita 60, mstari uko kilomita 3. Skana ya kila asubuhi, na mita zake 600, ina asilimia 1 tu. Lakini picha hugusa pia nyama nzima nje ya uvimbe, na mtoto ana miaka mingi mbele yake ya kulipa deni hilo. Kwake mashine hushushwa nguvu, eneo la picha hupunguzwa, na picha isiyobadilisha uamuzi haipigwi.

Matokeo ya mwisho: uvimbe ukikoswa kwa sentimita moja, kilomita 2 za siku hiyo zinamwagika kwenye kibofu au utumbo ulio mzima. Mita 20 zinazozuia hasara hiyo ndizo zenye thamani kuliko zote barabarani. Medali ya dhahabu ni ya skana ya asubuhi!