Filimbi ya Muthurwa na Siwa za Malindi

Majuzi nilikuwa mgeni wa jamaa yangu, mstaafu wa reli, huko Muthurwa, Nairobi, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Baada ya sala ya magharibi, mjukuu wake wa gredi ya nne alitoa filimbi ya plastiki, ile iitwayo rekoda. Ina matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Mtaala wa umilisi ulipofika gredi hiyo mwaka 2020, ulikuja na somo la filimbi hii.

Mzee akakunja uso. "Haya ni mambo ya Wazungu, shekhe. Mwacha mila ni mtumwa."

Nikamwambia kuwa Wazungu wenyewe hawakuifanya mchezo. Ganassi alichapisha kitabu cha mafunzo yake mjini Venice mwaka 1535. Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, alipokufa mwaka 1547, mali yake iliorodheshwa, na ndani yake mlikuwa na filimbi 76. Zilipigwa kubwa kwa ndogo, sauti nne au zaidi kwa pamoja, wala hapana iliyokuwa mtumwa wa mwenziwe. Kila moja hushika njia yake, ikapanda na kushuka, ikapishana na nyingine kama miyaa katika ukili, hata ukapatikana mkeka mmoja.

Kisha nikamkumbusha Malindi. Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498, habari za safari yake ziliandikwa. Mwandishi akaeleza kuwa mfalme alikuwa na wapiga tarumbeta wengi, na siwa mbili za pembe za ndovu, zenye nakshi, ndefu kimo cha mtu. Zilipulizwa kwa tundu la ubavuni, sauti zao zikapatana na za tarumbeta. Kumbe nasi zama zile tulijua kuzipatanisha pumzi.

Leo siwa ya Pate, ya pembe, na ya Lamu, ya shaba, zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu.

Mzee alinyamaza kitambo, akivuta tasbihi yake. "Basi mtoto na apige," akasema. "Lakini siwa, nani atamfundisha?"

Sikuwa na jibu. Mtoto amepata mwalimu wa filimbi ya Henry. Wa siwa ya babu zake hana. Na hilo, wasomaji wangu, si kosa la filimbi.