Mvulana Anapojikuna Sehemu za Siri

Leo tunazungumzia jambo ambalo wavulana huwaficha mama zao: ngozi kukauka na kuwasha sehemu za siri.

Mvulana wa miaka 8 au 9 tayari ana haya. Hatakuambia. Utamsikia tu usiku akijikuna mpaka analia. Usimchape, wala usimwite mchafu mbele ya ndugu zake. Mwite kando umwulize kwa upole, ama baba yake au mjomba amtazame.

Ngozi ya hapo ni nyepesi. Sabuni ya kufulia huikausha, ikapasuka na kuchoma kama pilipili. Muogeshe kwa maji safi, mkaushe vizuri, mvalishe chupi ya pamba, umpake mafuta yasiyo na marashi. Kama hajatahiriwa, usivute ngozi ya mbele kwa nguvu. Hujiachia yenyewe anapokua. Ukiilazimisha utamletea kidonda.

Lakini kuwasha kunakozidi usiku ni habari nyingine. Tazama katikati ya vidole, vifundo vya mikono na kiuno. Ukiona vipele huko, pamoja na vinundu kwenye uume au mfuko wa korodani, na dada yake naye anajikuna, huenda ni upele. Huletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ngozi na kutaga mayai ndani. Hata nyumba safi huupata, kwa watu kulala pamoja. Zahanati watakupa dawa ya kupaka, kama ile nyeupe iitwayo BBE. Waambie kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mama mjamzito. Kosa tunaloliona ni kumpaka anayejikuna peke yake. Wapakwe wote wa nyumba hiyo siku moja, na nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto, zianikwe juani. Kuwasha kwaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa hivyo usiongeze dawa kiholela.

Na ile krimu uliyoelekezwa na jirani? Iache dukani. Nyingine zina dawa kali ya kutuliza mwasho. Mtoto hupata nafuu siku mbili tatu, kisha ngozi huwa nyembamba, na kama yalikuwa mashilingi, yanaenea zaidi.

Kuna jambo moja lisilongoja. Mvulana akishikwa ghafla na maumivu makali kwenye korodani, ikavimba, pengine akatapika, huenda korodani imejisokota na damu haipiti. Mpeleke hospitali inayofanya upasuaji saa ileile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Zikipita saa 6, nafasi ya kuiokoa hupungua upesi. Wengine huchelewa kwa sababu kijana alisema tumbo linauma, akaona haya kutaja mahali penyewe. Akilalamika tumbo la ghafla, mwulize na huko chini.