Soda Ina Jina Moja, Viazi Vina Mengi

Sokoni Bariadi, anayeomba viazi bila kuongeza neno hupewa viazi vitamu. Akitaka vile vya kukaangia chipsi, aseme viazi mviringo, au viazi ulaya kama wanavyopenda wazee. Huko Mbeya mambo hugeuka: viazi ndivyo hivyo vya mviringo, na vitamu ndivyo vinavyohitaji kutajwa kwa jina refu. Zanzibar wanasema mbatata. Nairobi mama mboga anauza waru, neno la Kikuyu ambalo siku hizi halina kabila.

Na viazi vyenyewe, vikishaanikwa juani, hupata majina mapya ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuishi miaka yote bila kuyasikia. Vikimenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa vingali vibichi, ni michembe: myeupe, mikavu, ukiigonganisha inalia kama vigae. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa, ya rangi ya kahawia, yanayotafunika hivyohivyo njiani bila kupikwa tena. Atakayeuliza michembe akapewa matobolwa atalalamika, na ana haki: ya kwanza ni chakula cha kuinjikwa jikoni, pengine kwa karanga, ya pili ni ya mfukoni mwa mchungaji. Wateso wa Uganda nao wana amukeke, viazi vyao vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo mwenyeji wa Itilima angevitambua kwa macho kabla ya kuambiwa jina.

Mkoa wa Simiyu, zilipo Bariadi na Itilima, wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, sehemu kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na wilaya ya Busega ikitokea upande wa Mwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497, wengi wao Wasukuma. Kwa mgeni, hiyo ina maana ya lugha moja kutoka Lamadi ziwani mpaka Meatu. Wenyeji wanajua zaidi.

Kisukuma hutaja watu kwa upande waliko. Sukuma ni kaskazini, dakama kusini, kiya mashariki, ng'weli magharibi. Ndiyo kusema jina la kabila kubwa kuliko yote Tanzania, ambalo Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulilihesabia wasemaji zaidi ya milioni 5, lilianza kama jibu la swali la "wale wako wapi?" Wanyamwezi waliwaita hivyo majirani zao wa kaskazini, nao majirani wakawarudishia: ninyi ni watu wa dakama.

Bariadi ni nchi ya Ntuzu, na msemo wa huko huitwa Ginantuzu. Upande wa magharibi, kuelekea Mwanza, wanasema Kimunasukuma. Kusini mashariki ni Jinakiiya. Tazama mianzo ya majina hayo matatu: gi, ki, ji. Hapo mtu ameshataja kwao hata kabla hajamaliza sentensi, kwa sababu tofauti hiyo inapita kwenye maneno mengi ya kila siku. Kitu ni ginhu kwa mmoja, kinhu kwa mwingine, jinhu kwa wa tatu. Wote wanaelewana bila mkalimani. Wanataniana tu, na utani huo huanza mara tu baada ya "mwangaluka" ya asubuhi kuitikiwa.

Kiswahili cha mkoa huu nacho kimeshika udongo wa hapa. Mtoto wa shule popote nchini akisikia mbuga atafikiria simba na pundamilia, na Simiyu inapakana na Serengeti kweli. Lakini mkulima wa Bariadi akisema shamba lake liko mbugani, hazungumzii wanyama. Anazungumzia udongo mweusi mzito wa bondeni, unaonata mguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi, ambao ndio wa kuchimbia majaruba ya mpunga. Mchanga mwepesi wa mwinuko ni luseni, na kati ya luseni na mbuga kuna majina mengine kadhaa. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alitumia maumbile kama haya ya Afrika Mashariki, udongo unavyobadilika kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, kuunda nadharia inayofundishwa mpaka leo vyuo vikuu vya dunia. Wakulima wa Usukuma walikuwa na msamiati wake tayari.

Neno jingine la hapa limefika mbali kuliko mbuga. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa masika ili majani yastawi, kisha kufunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti katika nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa, uliufufua utaratibu huo, na jina lake likaingia katika taarifa za serikali na za mashirika ya nje bila kutafsiriwa. Wamaasai wana utaratibu unaofanana nao na wanauita alalili. Afisa mifugo anayehamishwa kutoka Longido kwa Wamaasai kuja Meatu anabeba ujuzi uleule, anabadilisha neno tu.

Wamarekani nao wana ugomvi wao wa aina hii, na unaojulikana zaidi ni wa soda. Mtu wa New York husema soda, wa Detroit husema pop, na kusini wengi huita kila kinywaji cha aina hiyo coke, hata kikiwa cha machungwa. Si ajabu, maana Coca-Cola ilianzia Atlanta mwaka 1886. Kuanzia 1965 hadi 1970, timu ya Frederic Cassidy wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ilizungukia jumuiya 1,002 ikiuliza maswali zaidi ya 1,600 kuhusu majina ya vyakula, wadudu, michezo ya watoto na hata mvua. Kamusi iliyotokana na kazi hiyo ilianza kutoka 1985, na herufi Z ikafikiwa mwaka 2012, Cassidy akiwa ameshafariki.

Lakini soda, Bariadi, ni soda. Ni soda Mtwara, Kigoma na Tanga. Ilikuja na chupa, kreti na jina lake, ikakuta watu hawana neno la kugombania. Vivyo hivyo simu na vocha. Tanzania hutofautiana zaidi pale mikono ya watu inapofanya kazi yenyewe: kuanika, kukamua, kulima, kuvua. Maziwa yaliyoganda ni mgando huku Kanda ya Ziwa na mtindi Dar es Salaam, na Mkenya ameyaita mala, kifupi cha maziwa lala. Mihogo iliyovundikwa na kukaushwa ni udaga kwa watu wa ziwa. Kusini, mihogo mikavu ni makopa. Njugu kwa Mtanzania ni njugu mawe, ilhali Nairobi njugu ndizo karanga.

Usafiri unaharibu kidogo kanuni hii. Daladala ni basi dogo la Dar es Salaam, lililopata jina kutokana na dala, yaani shilingi 5 za nauli ya zamani. Neno lilipofika Shinyanga likapanda baiskeli: kule daladala ni baiskeli inayobeba abiria nyuma. Mgeni aliyeambiwa achukue daladala, akaanza kutafuta kondakta, hakudanganywa.

Na samaki wa ziwani nao wana majina mengi. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilometa 70 hivi, na hapo sato ni sato, sangara ni sangara. Upande wa Kenya sato anafahamika kama ngege na sangara kama mbuta. Dagaa, ambaye kwa kilo ndiye anayelisha watu wengi zaidi, ni omena Kisumu na mukene Kampala. Mfanyabiashara wa Lamadi anayeulizia bei kwa simu hutumia jina la mnunuzi: omena kwa Kisumu, mukene kwa Kampala. Jina la dagaa hulitumia akipiga Bariadi, ambako gunia litafunguliwa na kupimwa kwa kopo, kandokando ya michembe.