Fahamu: Kwa nini tumbo hujaa gesi, na lini ukapime

Huko Shinyanga na Geita, michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, huliwa kwa karanga au maziwa ya mgando, na mchimbaji wa madini anayeingia duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, alfajiri hupenda chakula kinachokaa tumboni. Viazi vitamu, maharage, choroko na dengu vina sukari na wanga ambao utumbo mwembamba haumalizi kuusaga. Mabaki yakifika utumbo mpana, bakteria huyachachua, na gesi hutoka hapo. Ni jambo la kawaida, wala si ugonjwa. Maziwa yasiyoganda huwasumbua watu wazima wengi kwa sababu mwili umepunguza uwezo wa kusaga sukari yake. Ya mgando huwa na nafuu, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imeshachachuliwa.

Ili kupunguza gesi, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Tafuna taratibu, punguza soda, tembea kidogo baada ya kula.

Ila si kila tumbo lililojaa ni gesi. Kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huvimbisha ini na bandama taratibu, na mtu anaweza kumeza dawa za gesi miezi mingi bila nafuu. Kinatibika kwa prazikwanteli, baada ya kipimo cha choo.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda, au unatapika huku hupati choo wala hewa haitoki, usisubiri: nenda hospitali siku hiyohiyo.