Dozi, saa na masaa: Simu ya tabibu inapoishiwa na maneno

Msomaji mmoja wa safu hii, ambaye ni tabibu katika kituo cha afya mashinani, ameniuliza swali. Zile programu ambazo yeye na wenzake wamezitia kwenye simu ili ziwakumbushe viwango vya dawa, ziitwe nini kwa Kiswahili sanifu? Nimemjibu kwamba wapo wanaosema programu-tumizi, wapo wanaosema programu-tumishi, na huko mitaani watu walishaamua kusema apu na maisha yakaendelea. Chombo chenyewe nacho hakikukosa majina. Kuna rununu, kuna simutamba, kuna tarakilishi iliyoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili, na majirani zetu wa Tanzania wametuletea kishikwambi. Tunaweza kubishana kuhusu majina haya mwaka mzima na asiumie mgonjwa hata mmoja.

Hata hivyo, swali lake lilinifanya nimwombe anionyeshe jinsi programu zenyewe zinavyofanya kazi, na hapo nikaona jambo ambalo, kwa maoni yangu, linatuhusu sisi wapenzi wa lugha zaidi ya jina la apu. Programu hizi humfikisha tabibu kwenye jibu sahihi kwa Kiingereza, kisha zikamwacha hapo. Hatua inayobaki, ya kumweleza mgonjwa, tabibu huitembea peke yake kwa Kiswahili, bila kamusi wala mwongozo. Na ni katika hatua hiyo fupi ambapo maneno yetu ya kila siku, dozi, saa, homa, huanza kuteleza.

Tuanze na zilikotoka. Zamani daktari aliyetaka kuhakikisha kiwango cha dawa alibeba kijitabu kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Mwaka 1992, Dkt Burton Rose wa Marekani aliasisi UpToDate, hazina ya maelezo ya magonjwa na tiba, ambayo ilianza kwa kusambazwa kwenye disketi. Mwaka 1996 kikatokea kijitarakilishi cha Palm, kinachotoshea kiganjani, na mwaka 1999 Epocrates ikaingia ndani yake ikiwa na orodha ya dawa, viwango vyake na dawa zisizopatana zikitumiwa pamoja. Katikati ya hapo, mwaka 1997, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilikuwa imeufungulia umma PubMed bila malipo. Nchi zenye uwezo mdogo zilipata HINARI mwaka 2002, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wa majarida ya tiba wa kuwapa wasomi na waganga makala kwa bei nafuu au bure.

Wala tusidhani Kenya ilikuwa ikitazama tu kwa mbali. Mapema miaka ya 2000, shirika la SATELLIFE la Marekani lilivijaribu vijitarakilishi vya mkononi Ghana, Uganda na hapa kwetu, ambapo waliovishika walikuwa wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Siku hizi hakuna haja ya kifaa cha pekee. Simu ile ile inayopokea M-Pesa ndiyo inayofungua Medscape, au MDCalc yenye vikokotoo vya kila aina, au mwongozo wa Wizara ya Afya wa kutibu watoto.

Tatizo la kwanza la lugha liko ndani ya Kiingereza chenyewe. Programu nyingi kati ya hizi zimetungwa Marekani, ilhali matabibu wetu wamelelewa kwa desturi ya Uingereza. Tunachokiita parasetamoli, Wamarekani hukiita asetaminofeni. Salbutamoli ya mgonjwa wa pumu kwao ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini, petidini ni meperidini, na glibenklamidi ya sukari ni gliburidi. Shirika la Afya Duniani lilianza kuchapisha orodha ya majina ya pamoja ya dawa mwaka 1953 ili kumaliza vurugu hii, lakini Wamarekani wameshikilia baadhi ya majina yao. Hata vifupisho havipatani. Tabibu wa Kenya akiandika "od" anamaanisha dawa itumiwe mara moja kwa siku. Kwa Mmarekani herufi hizo ni za Kilatini cha jicho la kulia. Na sukari ya damu ambayo hapa hupimwa kwa milimoli, ikasomeka 7, kule hupimwa kwa miligramu, ikasomeka 126. Haya yote, hata hivyo, tabibu aliyesoma huyajua, na programu nyingine humkumbusha zenyewe. Nayapita upesi.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, na tuanze na neno dozi. Tumelikopa kutoka Kiingereza na tukalihamisha maana njiani. Programu ikizungumzia dozi inamaanisha kiasi cha dawa kinachotumiwa kwa mara moja. Mwananchi akisema "nimemaliza dozi" anamaanisha dawa zote alizopewa, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Chukua dawa ya malaria ambayo watu huiita AL, iliyoanza kutumika katika vituo vya umma nchini kama dawa ya kwanza mwaka 2006. Mtu mzima hupewa tembe 24, nne kila mara, kwa mara sita zinazogawanywa katika siku tatu. Kwa lugha ya programu hizo ni dozi sita. Kwa lugha ya mgonjwa ni dozi moja. Basi tabibu akisoma kwenye simu kwamba mgonjwa akitapika mapema arudie dozi, halafu akamwambia mgonjwa hivyo hivyo, "ukitapika rudia dozi," mgonjwa atafanya nini? Kwa ufahamu wake, ameambiwa aanze upya zile tembe 24.

Wapo watakaosema dawa ya tatizo hili ni kutumia neno kipimo. Sikubaliani nao. Kipimo kwa mgonjwa ni kile cha maabara: "nimeenda kufanyiwa vipimo." Afadhali tuseme waziwazi, "ukitapika, kunywa tena zile tembe nne ulizotapika." Maneno yameongezeka, lakini hakuna shimo la kutumbukia.

Lenye shimo refu zaidi ni saa. Mpangilio wa AL unataka mara ya pili iwe muda wa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya duka la dawa nikamsikia mhudumu akimwambia mama mmoja: "Mama, kunywa nne sasa, halafu nne zingine saa nane." Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Mhudumu alikuwa amesoma sawasawa alichokisoma. Lakini saa nane ya Mswahili ni alasiri inapokaribia, jua likiwa bado kali. Mama yule angeimeza ya pili baada ya muda wa saa nne tu, badala ya kungoja saa kumi na mbili jioni. Jamaa mmoja kwenye foleni akauliza, "Ni saa nane ama ni baada ya masaa manane?" na mambo yakanyooka.

Walimu wenzangu, najua mmeshtuka. Masaa! Neno hili tumelipigia mistari myekundu kwenye insha za wanafunzi kwa miaka mingi, na kwa hoja ya kisarufi tuna haki: saa ni nomino ya ngeli ya I-ZI, haibadiliki katika wingi. Lakini tazama kazi ambayo wazungumzaji wameipa ile ma-. Saa nane ni wakati kwenye mshale wa saa. Masaa manane ni urefu wa muda. Usanifu una njia yake ya kutofautisha, "muda wa saa nane," na mimi mwenyewe ndiyo niliyoitumia hapo juu. Ila njia hiyo hupotea haraka. Mhudumu mwenye wagonjwa arobaini mlangoni huacha neno muda, akabaki na "kila saa nane," ambayo mtu anaweza kuielewa kuwa kila ifikapo saa nane, mchana na usiku, yaani mara mbili badala ya tatu. Kwa hiyo mimi husema: katika insha, kalamu nyekundu iendelee, kwenye dirisha la dawa, masaa yaachwe yafanye kazi yake.

Kuna na ile "kutwa mara tatu". Kutwa ni mchana mzima, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Usiku una neno lake, kucha. Ndiyo maana tunasema mchana kutwa na usiku kucha. Mgonjwa mwenye Kiswahili cha kurithi akiambiwa kutwa mara tatu ana kila sababu ya kuzibana zote tatu kati ya asubuhi na magharibi, ilhali programu imesema kila baada ya muda wa saa nane, usiku ukiwemo. Na ukimwambia "baada ya kula," wapo watu wengi katika nchi hii wanaokula mara mbili tu kwa siku.

Hadi hapa nimezungumzia maneno yanayotoka kwa tabibu. Yanayoingia yana utelezi wao. Programu ya kuelekeza matibabu ya mtoto huuliza maswali ya ndiyo au la: ana joto jingi mwilini? anatapika kila kitu? amepata mishtuko ya viungo? Kila jibu linafungua njia tofauti. Sasa katika kamusi homa ni kupanda kwa joto la mwili, na ndiyo maana tuna homa ya manjano, homa ya matumbo na homa ya uti wa mgongo. Lakini Nairobi mtu akikwambia "niko na homa", aghalabu pua inamtiririka na anapiga chafya. Ni mafua. Tabibu akiuliza "mtoto ana homa?" na mama akajibu ndiyo, wawili hao wanaweza kuwa wanazungumzia vitu viwili, na simu ikaamini tu kile kilichobonyezwa. Kuhusu mishtuko, ukimuuliza mama wa Pwani kama mwanawe amepata kifafa atakataa kata kata, kwa kuwa kifafa anakijua kuwa ugonjwa wa kudumu. Ukimuuliza degedege atakueleza yote, tangu usiku wa kwanza. Na degedege kwa mtoto ni dalili ya hatari isiyosubiri foleni.

Je, tuna vyombo vya kutusaidia? Kamusi ya Tiba ya TUKI ipo, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kamusi hutoa neno kwa neno. Haimwambii tabibu aseme sentensi gani. Sheria nayo ipo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, panapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, akizingatia pia kiwango chake cha kujua kusoma na kuandika. Kinachokosekana ni kitu kidogo kwenye skrini: chini ya kila dawa, mstari mmoja wa Kiswahili wa kumsomea mgonjwa, uliokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa halisi kwa kuwaomba waurudie kwa maneno yao. Watengenezaji wakitaka kutafsiri programu huanza na vitufe: fungua, funga, tafuta, hifadhi. Tabibu havihitaji, Kiingereza cha vitufe anakijua. Waanzie upande wa pili wa meza.

Na hili la saa lisiachiwe mashine za kutafsiri, ambazo bado hututolea "saa 8 asubuhi", wakati usiokuwepo katika siku ya Mswahili. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Simu inajua sasa ni saa ngapi. Iongeze ule muda wa saa nane, kisha ihame saa sita ili ipate saa ya Kiswahili, na iandike wakati wenyewe: "Kunywa tembe nne sasa. Kunywa nne tena leo saa kumi na mbili jioni." Hapo hatuhitaji masaa wala muda wa saa.

Ugumu utabaki usiku. Mgonjwa aliyeanza dawa Jumatatu saa mbili usiku anatakiwa anywe tena saa kumi alfajiri. Je, hiyo ni leo au ni kesho? Simu inahesabu siku kuanzia saa sita usiku. Wazee wa Pwani huihesabu kuanzia magharibi, na kwao usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Ndiyo sababu magazeti, hili likiwemo, hulazimika kuandika "usiku wa kuamkia". Kwa mgonjwa huyo, simu isiseme leo wala kesho. Iandike: "Amka kabla ya jua kuchomoza, saa kumi alfajiri, unywe tembe nne. Ukitapika kabla ya saa kumi na moja, kunywa nne nyingine, kisha rudi kituoni."