Kibanda na Kasri: Mchezo wa Vivuli Unaohukumu kwa Kicheko

Tandaza kitambaa cheupe, washa taa nyuma yake, kisha uache giza upande wa watazamaji: tazama, mahakama iko tayari! Ndivyo ilivyo huko Ugiriki, ambako mchezo wa vivuli umewachekesha watu na kuwahukumu wakubwa kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Fundi wa mchezo husimama nyuma ya kitambaa, wala haonekani. Sanamu zake ni bapa, zimekatwa katika ngozi au karatasi ngumu. Huzigandamiza juu ya kitambaa na kuziendesha kwa vijiti. Yeye peke yake husema kwa sauti ya mkubwa na mdogo, ya mzee na mtoto. Asili ya mchezo huo ni kwa Waturuki, waliowatawala Wagiriki karne nyingi. Kwao mchekeshaji huitwa Karagöz, maana yake Jicho Jeusi. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Patras, fundi Dimitris Sardounis, aliyejulikana kwa jina la Mimaros, aliugeuza mchezo ukawa wa Kigiriki hasa. Huko mchekeshaji huitwa Karagiozis.

Ukitaka kujua mchezo huo wasema nini, kitazame kitambaa kabla hajatokea mtu. Upande wa kushoto pana kibanda kibovu cha Karagiozis. Upande wa kulia pana kasri la pasha, mtawala wa Kituruki. Katikati ni mahali patupu. Visa vyote hupita hapo, kati ya njaa na enzi.

Karagiozis ni mtu peku, mwenye kibyongo, na mkono wake mmoja ni mrefu kupita kiasi. Wanawe watatu wanalia njaa. Siku moja rafiki yake Hadjiavatis apita akitangaza ya kuwa wakubwa wanatafuta mganga, au karani. Karagiozis hajui kusoma wala kuandika, lakini mara moja aitika: “Ndimi!” Akiwa mganga, huwatesa wagonjwa. Akiwa karani, huandika asichokijua. Akiwa mwoka mikate, yeye na wanawe huila nyama ambayo watu wameileta iokwe katika tanuri lake. Mwisho wa mambo hupigwa, akarudi kibandani na njaa yake ile ile.

Pengine msomaji atauliza: Je, hukumu iko wapi? Ziko hukumu mbili. Ya kwanza yalipata kasri. Kwa nini mtu asiyejua kusoma apewe kazi ya karani? Kwa sababu kazi hutolewa kwa kujuana na kwa maneno matamu, wala hakuna anayeuliza kama mtu anaijua. Ya pili yampata Karagiozis mwenyewe. Jana alilalamika kwamba wakubwa wanakula peke yao. Leo amepata kiti, naye anamla nani? Ile nyama ya tanurini haikuwa ya pasha; ilikuwa ya jirani zake.

Wahenga walisema: Penye udhia penyeza rupia. Twaitaja methali hiyo kwa kicheko, kana kwamba rushwa, au matabishi kama wanavyosema mjini, ni akili tu. Lakini anayempenyezea karani rupia leo amemfundisha kuuza haki, na kesho haki itakayouzwa yaweza kuwa ya kwake mwenyewe.

Kutoka mwaka 1967 hata 1974 Ugiriki ilitawaliwa na wanajeshi, na watunzi walichunguzwa maneno yao. Hata hivyo, mwaka 1973, mtunzi Iakovos Kambanellis alitoa huko Athene mchezo uitwao To megalo mas tsirko, yaani Sarakasi Yetu Kubwa. Lilikuwa jaribio jipya: waigizaji, nyimbo na ucheshi wa Karagiozis vilikutana katika mchezo mmoja, na fundi wa vivuli Evgenios Spatharis akashiriki. Walionyesha mambo ya kale, jinsi wakubwa wa kila zama walivyowadanganya raia. Lakini watazamaji walifahamu ya kuwa wanasemwa watawala wa siku zile. Mwigizaji Jenny Karezi, mmoja wa wakuu wa kundi, alikamatwa na kufungwa mwaka ule ule.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kivuli. Kivuli hakimtaji mtu kwa jina. Mkubwa akikasirika na kusema, “Ni mimi mnayenisema,” amejishitaki mwenyewe.

Kweli, kicheko hakimfungi mwizi, wala hakirudishi fedha za watu. Hiyo ni kazi ya mahakimu. Lakini hakimu mmoja mwenye haki atafanya nini katika nchi ambamo mla rushwa husifiwa kuwa ni mjanja, na mwaminifu huitwa mjinga? Mchezo wa vivuli humvua mjanja sifa hiyo mbele ya watu wote, hata watoto. Nasi tunaocheka tunapaswa kuutazama tena ule mkono mrefu wa Karagiozis, tukajiulize: siku tutakapotoka kibandani na kukabidhiwa ufunguo wa ofisi, mkono wetu utakuwa na urefu gani?