Rekodi za Tukuyu Stars na Wanaume Walioziweka

Mwaka 1986 ubingwa wa soka wa Tanzania Bara ulikwenda Tukuyu. Haukwenda Jangwani kwa Yanga wala Msimbazi kwa Simba. Ulipita Uyole, ukashika barabara ya Kyela, ukaukata ubavu wa Mlima Rungwe mpaka kwenye mji wa wilaya uliozungukwa na migomba, chai na mvua. Tukuyu Stars, Banyambala kwa mashabiki wao, ndio kwanza walikuwa wamepanda daraja. Waliingia ligi wakiwa wageni, na msimu ulipokwisha wageni hao ndio walikuwa mabingwa.

Nazipanga rekodi zao hapa kwa sababu moja tu. Kijana anayecheza mpira Tukuyu leo anaweza kukutajia mabao ya Haaland ya msimu huu na wa jana, lakini ukimuuliza Justin Mtekere alikuwa nani, anakutazama. Kosa si la kijana. Sisi wakubwa ndio hatujamwandikia.

Rekodi isiyo na mwenza

Tuanze na iliyo kubwa kuliko zote: kupanda daraja na kutwaa ubingwa katika msimu wa kwanza. Hata huko duniani, kwenye ligi zenye fedha na historia ndefu, waliofanya hivyo ni wachache. Ipswich Town walifanya Uingereza mwaka 1962. Nottingham Forest ya Brian Clough ikafanya mwaka 1978. Kaiserslautern ya Otto Rehhagel ikafanya Ujerumani mwaka 1998, na mpaka leo Wajerumani wanaisimulia kama muujiza. Tukuyu Stars waliwatangulia Kaiserslautern kwa miaka 12, na hakuna anayewatengenezea filamu.

Ukitaka kuona uzito wa jambo lenyewe, watazame waliojaribu hapa nyumbani. Mbeya City walipanda wakaitikisa ligi ya 2013/14, mashabiki wao wakiwafuata kila kiwanja. Wakamaliza nafasi ya tatu. Singida United walipanda na fedha na majina, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho 2018, wakafungwa na Mtibwa Sugar. Namungo ya Ruangwa ilifika fainali kama hiyo mwaka 2020 ikiwa msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ikakutana na Simba na yenyewe ikalala. Timu nzuri zote hizo. Hakuna hata moja iliyoshika kombe la ligi.

Mji mdogo, kombe kubwa

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Miaka kumi ya mwanzo bingwa alitoka Dar es Salaam: Sunderland iliyokuja kuwa Simba, Cosmopolitan, Yanga. Mseto ya Morogoro ndiyo iliyolivunja zizi hilo mwaka 1975. Baada ya hapo Simba ikakaa na kombe miaka mitano mfululizo, kisha likawa linazunguka kati yake, Yanga na Pan African, mpaka Tukuyu Stars walipolichukua. Kwa hiyo wao ni klabu ya pili kutoka nje ya Dar es Salaam kuwa bingwa wa Bara, na ya kwanza kutoka mji ambao si makao makuu ya mkoa.

Coastal Union ya Tanga ilifuata mwaka 1988. Mtibwa Sugar ya Turiani ikautwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na tangu hapo ubingwa haujatoka tena Dar es Salaam. Turiani nayo si mji mkubwa, nakubali, lakini Mtibwa ilikuwa na kiwanda cha sukari nyuma yake. Ndivyo zilivyokuwa timu nyingi zilizotamba mikoani zama zile: Reli ya Morogoro ilikuwa ya shirika la reli, Pamba ya Mwanza ilibebwa na zao lenyewe, RTC Kagera ilikuwa na kampuni ya biashara ya mkoa. Tukuyu Stars ilikuwa timu ya mji. Kwa mizani yangu, katika mabingwa wote wa Bara hakuna aliyetoka mbali kiasi hicho.

Aliyedumu kuliko wote

Katika wote waliovaa jezi ya Tukuyu Stars, jina lililosafiri mbali zaidi ni la Sekilojo Chambua. Alitoka Tukuyu akajiunga na Yanga, na huko akakaa zaidi ya miaka kumi. Miaka kumi pale Jangwani si mchezo. Ni klabu ambayo mchezaji anaweza kubebwa mabegani Jumamosi na kuzomewa Jumatano, na viongozi hubadilika kabla mchezaji hajazoea sura zao. Chambua aliwapitia wote.

Alikuwamo katika Yanga iliyokwenda Kampala mwaka 1993 na kuifunga SC Villa nyumbani kwake 2-1, ikarudi na Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati. Alikuwapo pia mwaka 1998 Yanga ilipokuwa klabu ya kwanza ya Tanzania kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikapangwa na Raja Casablanca, ASEC Mimosas na Manning Rangers. Kundi hilo liliwatesa, matokeo hayakuwa mazuri, lakini ilipita miaka mitano kabla klabu nyingine ya Bara haijaikanyaga hatua hiyo. Kiungo mshambuliaji kutoka milima ya Rungwe alikuwa sehemu ya mwanzo huo. Kama wilaya ina ukuta mmoja wa kuchora sura ya mwanamichezo, mimi nampa Chambua ukuta huo bila kusita.

Mfungaji, beki na wengine

Justin Mtekere ndiye mshambuliaji wa kumtaja kwanza. Baada ya ubingwa alitua Yanga, na mwaka 1988 Yanga ilipotoka sare ya 1-1 na Simba, bao la Yanga lilikuwa lake. Kufunga katika mechi ya watani ni cheo ambacho hakivuliwi. Kuna washambuliaji waliocheza Kariakoo miaka minne wakaondoka bila bao hilo.

Kwa upande wa ulinzi, Godwin Aswile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Simba, kipindi ambacho klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1991 na 1992. Basi mji mmoja wa Rungwe uliwapatia watani wa jadi mshambuliaji, kiungo na beki. Sijui mji mwingine wa ukubwa ule uliotoa hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Yupo pia Mbwana Makata. Wapo Peter Mwakibibi, Daniel Chundu, Karabi Mrisho, John Alex. Majina haya wazee wa Tukuyu huyataja bila kuvuta pumzi, na kila mmoja angestahili ukurasa wake.

Rekodi inayouma

Ipo moja ambayo haipendezi kuitaja. Ubingwa wa 1986 ulikuwa wa kwanza na wa mwisho. Kikosi kilichobeba kombe hakikukaa pamoja muda mrefu. Klabu kubwa zilikuja kuchagua, na zilichagua vizuri.

Tukumbuke ule ulikuwa mpira wa ridhaa. Mchezaji hakuwa na mkataba wa kumfunga wala mshahara wa kumbakiza. Ahadi ya kazi katika shirika la umma, au jina tu la Simba na Yanga, ilitosha kumtoa mtu nyumbani, na nani angemlaumu? Ana mama wa kumtunza na wadogo wa kusomesha. Kilichoniuma mimi si kuondoka kwao. Ni kwamba walipokwenda, kumbukumbu yao nayo ilihama. Chambua akawa wa Yanga, Aswile akawa wa Simba, na Tukuyu ikabaki mstari mmoja katika orodha ya mabingwa.

Mwaka 2026 unatimiza miaka 40 tangu msimu ule. Halmashauri ya Rungwe na chama cha soka cha wilaya hawahitaji bajeti kubwa kuliadhimisha: siku moja uwanjani Tukuyu, majina ya kikosi kizima yasomwe kwa kipaza sauti, waliobaki hai waketi mbele na waliotangulia mbele ya haki wawakilishwe na watoto wao, kisha majina hayo yapigwe rangi ukutani yakae. TFF nayo iwape medali, maana bingwa wa leo hupewa na wale walistahili. Waanze kuwapigia simu sasa, kwa mpangilio wa umri, mkubwa kwanza.